Redieta Iliyolishwa Mayai

Asubuhi Kivuva alijaza redieta ya trekta mpaka maji yakamwagikia viatu vyake. Adhuhuri alipofungua kifuniko kabla ya kuwasha injini, redieta ilikuwa kavu. Alipiga magoti akachungulia chini kutafuta hata tone moja. Vumbi la uani lilikuwa kama lilivyokuwa tangu mvua ya mwisho, jepesi na la moto, na juu yake palikuwa na nyayo za kuku tu.

"Hii maji imeenda wapi?"

Gedion, fundi kutoka soko la Kanyangi, alikuwa amelala chali chini ya injini, spana kifuani. "Uliza mwingine," akasema. "Mimi niko hapa chini tangu asubuhi. Ingevuja ingenimwagikia kwa uso."

"Kwa hivyo trekta imekunywa."

"Trekta haikunywangi maji, Kivuva. Inakunywanga dizeli na akili ya mwenyewe."

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Lakini kicheko kilikuwa kimemwishia Kivuva. Trekta hiyo, iliyokuwa nyekundu zamani na sasa ina rangi ya kutu, ilikuwa ya marehemu baba yake, mzee Mwangangi. Mzee aliwalimia nayo nusu ya Kanyangi mpaka injini ilipokataa kazi, naye akafa bila kuisikia tena, na kuku wakarithi kiti chake. Kivuva aliacha udereva wa malori akarudi nyumbani kuifufua, maana ng'ombe wa kulimia walikuwa wamemalizwa na kiangazi. Mbegu za ndengu, zile zinazovumilia ukame, alizifuata mwenyewe hadi kituo cha mbegu cha Kiboko. Mawingu ya Novemba yalikuwa yameanza kupita juu kwa juu, yakichungulia kama watu wanaotafuta nyumba ya matanga. Shamba lisipogeuzwa kabla hayajafunguka, mwaka umekwenda na maji. Na ndani ya nyumba kulikuwa na Kathini, mkewe, na mtoto mchanga wa kiume waliyempa jina la babu yake kama ilivyo desturi. Mtoto alikuwa bado hajui chakula kingine ila ziwa la mama yake.

Kwa hiyo wakaanza upya. Walifungua injini wakaweka gasketi mpya. Wakabadilisha mipira yote ya maji, wakaibana kwa waya mpaka vidole vikatoka damu. Wakavuta kijiti cha oili kuangalia kama maji yamepenya ndani. Oili ilikuwa safi kama iliyotoka dukani. Kivuva akasafiri mpaka Mwingi kwa mzee Salat, muuza spea kuukuu, akaleta pampu ya maji. Wakaifunga, wakajaza redieta, wakaona maji yakizunguka vizuri. Adhuhuri, kavu. Kila walichogusa kilikuwa kizima, na hilo ndilo lililomchoma Kivuva rohoni. Kibovu hutengenezwa. Kizima kinachokataa kazi utakifanya nini?

"Ni ile tundu tuliziba?" aliuliza.

"Ile imeshika kama saruji," Gedion akajibu, na ukweli ni kwamba ilishika.

Hilo tundu ndilo mwanzo wa mambo yote, ingawa siku hiyo hakuna aliyeliwazia. Siku za mwanzo, redieta ilipotolewa kutu, ilionekana ina tundu dogo la ncha ya sindano. Gedion akaliponya kwa dawa inayojulikana na kila fundi wa vijijini: mayai. Unajaza maji, unavunja mayai mawili ndani, unawasha injini. Yai likipata moto linaiva na kujisokota kwenye tundu, na safari inaendelea. Mayai yalitoka kwa kuku mweupe wa mama yake Kivuva, bibi Ndila, ambaye hakuulizwa. Maji nayo yalikuwa yamekwisha nyumbani, na punda wa kubebea mitungi alikuwa ameazimwa. Kivuva, jasho likimchuruzika na hasira ikimfuata nyuma, akachukua mkebe wa oili akashuka mwenyewe mtoni.

Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, lakini chini ya jabali kulikuwa na chemchemi ndogo ambayo Wakamba wa pale huiita kithima tu, bila jina jingine, na ambayo hadi siku hiyo haikuwahi kukauka. Kila mtoto wa Kanyangi hufundishwa kabla ya kufundishwa kuhesabu: usiingize pale chombo chenye masizi wala mafuta. Unachota kwa kibuyu kisafi, polepole, na unasema asante.

"Mwaitu alikataza," Kathini alimkumbusha maneno ya mama mkwe wake alipomwona akitoka na mkebe. "Kithima ina mwenyewe."

"Basi mwenyewe akitaka maji yake aje hapa nyumbani ayachukue!"

Alisema hivyo kwa sauti, mbele ya mke wake na kuku. Alipofika chemchemini akazamisha mkebe, ukatoa utando wa oili wenye rangi saba ukaenea juu ya maji yote. Akarudi, akajaza redieta, Gedion akavunja mayai, na Kivuva akakaza kifuniko kwa mikono miwili.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu likivunjika huuma papo hapo, mtu akajua. Hili lilianza polepole.

Baada ya redieta kukauka mara kadhaa, ilikuja zamu ya birika la mbuzi. Ndila alilijaza, akageuka kufukuza jogoo, akageuka tena akakuta mbuzi wanalamba saruji. Kisha mitungi jikoni ikawa myepesi ilhali vifuniko vimekazwa. Kisha nguo zilizofuliwa zikawa zinakauka kabla hazijaanikwa. Na kila adhuhuri, jua likiwa utosini na vivuli vimejificha chini ya miguu ya watu, kulitoka uani harufu ya mchanga uliolowa, harufu nzuri ambayo Mkamba yeyote akiisikia moyo unaruka kwa kudhani ni mvua, halafu nyuma yake ikafuata harufu ya yai viza.

"Umesikia?" Ndila alimnong'oneza Kathini siku moja, ameshika mlango.

"Nini, mwaitu?"

"Kuna mtu anakunywa."

Wakasikiliza. Injini ilikuwa imezimwa na Gedion alikuwa kivulini akila. Kutoka ndani ya chuma kulitoka sauti ya koo likimeza, gu, gu, gu, bila kupumua, kama mtu aliyevuka nyika nzima akapewa kibuyu.

Gedion aliisikia pia, lakini fundi hutafuta sababu ya kifundi. "Ni hewa," akasema, akasimama. "Hewa imeingia kwa mipira." Alifungua kifuniko cha redieta, na kwa kuwa ndani palikuwa na giza akaingiza kidole cha shahada kupima maji yalipofika, kama alivyofanya maelfu ya mara katika maisha yake. Kivuva, aliyekuwa karibu naye, aliona uso wa rafiki yake ukibadilika, kwanza kwa mshangao mdogo kama wa mtu aliyeguswa bega na asiyemjua, halafu macho yakamtoka, halafu mdomo ukafunguka bila sauti, kwa sababu mle ndani, kwenye chuma kilichopigwa na jua la adhuhuri, kitu baridi chenye midomo laini isiyo na meno kilikuwa kimekishika kidole chake na kilikuwa kinakivuta, kinakiachia kidogo, kinakivuta tena.

Alijichomoa akaanguka kwa matako. Kidole kilikuwa kimekunjamana na kuwa cheupe kama cha mfuaji nguo aliyeshinda mikono ikiwa ndani ya beseni.

Gedion ni mtu wa kanisa. Aliinuka, akaweka mikono juu ya boneti akakemea kwa jina la Yesu, akakemea kwa Kiswahili, akakemea kwa Kikamba, jasho linatiririka. Alipofika kwenye amina, injini ikawaka yenyewe. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Kivuva.

"Nakuachia vyombo zangu," Gedion akasema kwa sauti ndogo, akirudi kinyumenyume kuelekea njiani. "Hata spana. Kaa nazo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu wako, Kivuva, mimi sitaki kuona akilima."

Wewe ungefanya nini? Kivuva alizima injini, akalipiga gurudumu teke mpaka kidole cha mguu kikamuuma, akawasha tena. Iliwaka vizuri kuliko wakati wowote. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alikuwa tayari kuishi na jambo lolote mle ndani ilimradi lingemwachia injini ifanye kazi mpaka jioni.

Usiku ule mtoto alilia mpaka akapoteza sauti. Kathini alimhamisha kutoka ziwa hili hadi lile. Asubuhi midomo yake mwenyewe ilikuwa imepasuka.

"Maziwa inapotea," akamwambia mumewe. "Nimekunywa uji, nimekunywa maji ya mtungi mzima. Inapotea kama ile maji yako."

"Ni joto."

"Sisi tumezaliwa na hii joto, baba Mwangangi! Mbuzi pia zimekauka. Toa hicho kitu kwa boma yangu."

"Nipe leo tu. Ni pampu. Salat aliniuzia pampu mbovu, naenda kumrudishia."

Hakuyaamini maneno hayo hata yeye mwenyewe, lakini mtu aliyechoka huona afadhali agombane na muuza spea kuliko na mke mwenye haki. Alifungua pampu, akaifunga kwenye gunia, akaenda Mwingi huku akijisemea maneno makali njia nzima.

Duka la Salat lilikuwa kando ya barabara ya Garissa, limejaa vyuma mpaka mlangoni. Ujana wake wote Salat aliumaliza kwenye malori, akibeba mifugo kiangazi na matangi ya maji pale serikali ilipokumbuka watu. Hakuwa mtu wa maneno matamu.

"Hii pampu uliniuzia ni mbovu," Kivuva akaanza.

Salat akaitoa kwenye gunia, akaizungusha. Akainusa. Akaiweka chini haraka, akafuta mikono kwenye kikoi chake. "Warya!" akashangaa kwa Kisomali. "Hii imepitisha maji ya wapi?"

"Maji ni maji."

"Ya mfereji? Ya bwawa? Sema, kijana, usinipotezee wakati."

"Ya kithima. Chemchemi, chini ya jabali."

"Ulichota na nini?"

"Mkebe ya oili."

"Na ndani ya redieta uliweka nini ingine?"

"Mayai. Mbili. Ilikuwa na tundu."

Mzee akakaa juu ya tairi, akashika ndevu zake nyekundu za hina. "Nimepeleka lori mpaka Tana," akasema. "Kule mtu akitaka kuomba mwenye kisima, anampelekea yai. Anaweka hapo kwa maji, anarudi nyuma, anaenda zake. Wewe umemtoa kwake kwa uchafu, umemlisha yai nyumbani kwako, halafu umefunga mlango. Na pengine hata ulimkaribisha kwa mdomo."

Kivuva alikumbuka maneno yake mbele ya kuku. "Ni jini?"

"Mimi sikutaja jina. Na wewe usitaje, umeshika chuma yake. Amekunywa nini?"

"Maji. Maziwa ya mbuzi. Na bibi yangu ananyonyesha, maziwa yake inaenda ikipungua."

Salat akasimama tena. "Ameweka mdomo kwa mama?"

"Hapana. Inapungua tu."

"Hiyo ni kiu yake inavuta kwa mbali. Sasa sikiza. Kwetu, mtoto akinyonya mama ambaye si wake, akanyonya akashiba, akarudia, huyo ni ndugu ya watoto wa huyo mama. Hawezi hata kuoa binti wa hiyo nyumba. Maziwa imemfanya wa damu. Na hawa pia wana hiyo sheria, wanaifuata kuliko sisi. Mgeni anatolewa. Ndugu hakuna mtu anaweza kumtoa, si mimi, si pasta wako."

"Nifanye nini, mzee?"

"Mpeleke kwake. Adhuhuri, na injini ikinguruma, maana akilala hatoki. Fungua juu, fungua koki ya chini, maji yatoke yote. Usifunge mpaka injini inyamaze yenyewe."

"Bila maji itanoki! Itashikana kabisa, haitawaka tena."

"Itanoki."

"Mzee, hiyo ni trekta ya baba yangu."

"Na mtoto ni wa nani?" Salat akauliza, akamsukumia pampu kwa fimbo, maana hakutaka tena kuigusa.

Kesho yake Kivuva aliifunga pampu mahali pake, akajaza redieta, akashuka na trekta mtoni peke yake. Nyuma ya kiti alifunga mtungi mmoja wa maji. Alijiambia ni wa kunywa.

Chemchemi haikuwapo. Chini ya jabali palikuwa na shimo kavu lenye duara jeusi la oili lililoganda. Kivuva alisimamisha trekta juu yake, akaacha injini ikinguruma, akafungua kifuniko cha juu, akalala chini akalegeza koki. Maji yakatoka. Yakatoka kwa nguvu, baridi, kwenye injini iliyokuwa ya moto, yakaendelea kutoka baada ya kujaza shimo, mengi kuliko redieta kumi, na badala ya kushuka na mteremko yakapanda, yakafuata mchanga kwenda juu kuelekea jabali, na pale yalipoligusa jabali likatoa sauti kama mwanamke anayepokea mtoto aliyepotea, na Kivuva, akiwa amelala pale chini na jua limesimama juu ya kila kitu, aliona kwenye mchanga uliolowa alama za magoti madogo na viganja vidogo, zikitoka chini ya trekta moja baada ya nyingine, bila mtu.

Hakukimbia. Hilo tumpe. Alibaki ameshika koki, anasema asante, asante, asante, kama alivyofundishwa utotoni.

Kisha maji yakapungua yakawa uzi. Injini ikabadilisha sauti. Ikaanza kukohoa, halafu kulia, ule mlio wa chuma kinachosugua chuma ambao kila dereva huusikia kwenye meno. Alisikia harufu ya oili ikiungua. Aliinua macho akaona kiti cha baba yake kikitetemeka. Akaona wingu zito la kijivu limekaa juu ya vilima. Akawaza mbegu za Kiboko, na zile siku zote, gasketi, mipira, vidole vilivyotoka damu. Alama mchangani zilikuwa zimefika kwenye jabali. Kumebaki nini? Tone. Kikombe. Kikombe kimoja kitafanya nini?

Akafunga koki. Akaruka akazima injini kabla haijashikana, na ilipopoa akamimina ndani ule mtungi wa maji ya kunywa.

Jioni hiyo Kathini alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Maziwa yalikuwa yamerudi mpaka yakalowesha gauni lake, na mtoto alinyonya akalala mdomo wazi.

"Ulimwaga yote?" akauliza.

"Yote."

"Na injini haikunoki?"

"Mungu ni mkubwa," Kivuva akasema, akalala akitazama ukuta.

Akalima. Jamani, alilima! Plau ilizama kwenye udongo mkavu kana kwamba imepakwa samli. Redieta haikupungua hata kidogo. Majirani walikuja kusimama kando ya shamba, wakasema marehemu angefurahi. Gedion alikuja pia, akasimama mbali, akatazama, akarudi sokoni. Kivuva alimwona akaudhika. Kulikuwa na sauti fulani chini ya mngurumo, kitu kidogo laini kilichovuta na kupumzika, kuvuta na kupumzika, lakini alijiambia injini ya zamani haikosi mlio wake. Mawingu yalikuwa yanashuka. Ilibaki nusu ya shamba.

Nyumbani, Kathini aliacha kucheka. Kila trekta iliponguruma shambani, ziwa lake la kulia lilishikwa. Hakuna aliyekuwapo. Lilishikwa tu, kwa midomo baridi, likavutwa mpaka likaisha, na injini ilipozimwa liliachiwa. Ndila alimwona ameketi jikoni ametazama kifua chake, machozi yanamtoka, nguo ya upande huo imeingia mdomoni mwa kitu kisichoonekana.

"Shika mtoto, mwaitu," Kathini akasema polepole. Akaenda shambani, jua likiwa utosini, bila viatu.

Kivuva alisimamisha trekta mtaroni alipomwona, akaacha injini ikinguruma kwa chini. "Kuna nini? Mvua ndiyo hii inakuja, mama Mwangangi, nataka kumaliza nusu iliyobaki."

Kathini alimpita. Aliweka sikio lake kwenye boneti ya moto. Chini ya mngurumo aliisikia: kuvuta, kuvuta, kupumzika, pumzi ndogo ya puani, kuvuta tena. Hakuna mama asiyeijua sauti hiyo. Ziwa lake la kulia lilimwitikia papo hapo.

"Ulimwaga yote?"

Kivuva alishuka, akafuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Baba Mwangangi. Nimekuuliza."

"Nilibakisha kidogo tu. Kikombe."

"Kwa nini?"

"Injini ingenoki! Unajua nimeteseka aje na hii kitu? Kila siku hii kitu! Nilitaka jambo moja limalizike vizuri, moja tu. Nitalima na nini, na meno?"

"Kwa hivyo ukampa mimi," Kathini akasema.

Hakuwa amelitazama hivyo. Alitaka kusema hakujua, lakini alikuwa akiisikia sauti ile tangu siku ya kwanza. Kathini aliokota spana miguuni pake, akalala kwenye mtaro uliogeuzwa, akalegeza koki. Kwanza yakatoka maji ya kawaida. Mwisho kabisa kikatoka kikombe kimoja, kizito, cheupe, cha vuguvugu, kikaanguka kwenye udongo mpya. Udongo ukakimeza, na juu yake hapakubaki hata unyevu. Injini ikalia mara moja kwa sauti ya kitoto, ikashikana, ikanyamaza.

Chemchemi ilikuwa mbali, na walichokuwa nacho kilikuwa kimeshamwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Tone la kwanza la mvua likagonga boneti.

Kivuva alimpigia Salat simu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Amenyonya mara ngapi?"

"Siku zote nimekuwa nikilima."

"Basi hesabu watoto wako upya," Salat akasema, akakata.

Ndengu za nusu shamba ziliota, na kwenye mtaro mmoja, ule ambamo trekta imesimama mpaka leo ikiota kutu, zilikuwa nene na za kijani hata mvua ilipokatika. Hakuna aliyekubali kupalilia pale; ukiinama tu, koo linakauka. Maji nyumbani hayapotei tena. Maziwa ya Kathini yapo, pande zote mbili. Ungesema mambo yale yamekwisha.

Ila mtoto sasa anatambaa. Ukimweka chini adhuhuri na kugeuka, utamkuta njiani kuelekea ule mtaro, na ukimfuata utamkuta amekaa chini ya trekta, anacheka na mahali pasipo na mtu, ananyoosha kipande chake cha kiazi kitamu kana kwamba anamgawia mwenzake. Mara nyingi kiazi kinachukuliwa. Ndila hupiga kelele, Kivuva hukimbia kumnyakua. Kathini naye mwanzoni alikuwa anakimbia. Siku hizi anatembea tu, na Kivuva humwogopa kwa ajili hiyo kuliko anavyouogopa mtaro.

Juzi jioni upepo ulikuwa na baridi. Kathini alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto amelala ziwa la kushoto. La kulia lilikuwa limefunguliwa pia. Kivuva alisimama akaenda kufunga mlango.

"Wacha wazi," mkewe akasema, bila kuinua kichwa. "Yule mwingine bado hajaingia."